Kliniki iliyonipima fizi kwa namba, sio kwa kuangalia tu

Naandika hii kwa sababu nimeishi na fizi zinazotoka damu zaidi ya miaka miwili mpaka nikazoea, nikipiga mswaki natema mate mekundu, nasukutua, naendelea na siku yangu. Kliniki ya kwanza niliyoenda dokta alipitisha kioo kama dakika moja hivi akasema fizi zimevimba kidogo, nikasafishwa meno nikapewa dawa ya kusukutua, basi. Hakuna kilichopimwa wala kuandikwa. Damu ikapungua wiki tatu ikarudi palepale.

Hii ya pili ndio naisifia. Kwanza maswali: navuta sigara, nina kisukari, nyumbani kuna mtu meno yalimlegea mapema? Nikamuuliza dokta sigara inahusiana nini na fizi, akanieleza kwamba mvutaji fizi zake zinaweza zisitoke damu sana, anajiona mzima kumbe mfupa chini unaliwa. Hilo sikuwahi kulisikia.

Halafu ndio kipimo chenyewe. Ana kifimbo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, anakiingiza taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, anataja namba na nesi anaandika: tatu, mbili, tatu, tano damu... Mimi nina meno 28 kwa hiyo ni namba 168, na kila panapotoka damu panawekwa alama. Mfuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, wa milimita 1 mpaka 3 kwa kawaida ni sawa, kuanzia 4 anakaza macho. Anatikisa pia meno kuona kama yamelegea, na eksirei inaonyesha mfupa umeshuka kiasi gani.

Kilichonifungua macho ni kwamba kina cha mfuko peke yake kinaweza kukudanganya. Nilikuwa na jino lenye mfuko wa 5 lakini fizi yake imevimba ikapanda milimita 1 juu ya shingo ya jino, kwa hiyo upotevu wa kweli wa kinachoshikilia jino, ukipimwa kutoka hapo shingoni, ni 4. Jirani yake mfuko ulikuwa 2 tu, unasema huyu mzima, kumbe fizi imeshuka milimita 2, jumla 4 vilevile! Kwa kioo nani angeliona hilo.

Mwisho akakaa na mimi akanipa jina la ugonjwa. Damu ikitoka kwenye chini ya asilimia 10 ya sehemu zilizopimwa na fizi bado imeshika jino vizuri, hizo ni fizi nzima. Ikifika 10 au zaidi huku mfupa haujaguswa ni jinjivaitisi, na hiyo inapona kabisa ukiondoa utando na ugaga. Kinachoshikilia jino kikishaanza kupotea hiyo ni periodontaitisi, unaisimamisha tu, mfupa uliokwenda haurudi wenyewe. Mimi nina hii periodontaitisi, steji ya 2, gredi B, kwenye meno machache (chini ya asilimia 30 ya meno). Steji ni 1 mpaka 4, inaonyesha umeharibika kiasi gani, gredi ni A mpaka C, inaonyesha unaharibika kwa kasi gani. Alipiga hesabu mbele yangu: jino baya kuliko yote limepoteza mfupa asilimia 20, gawanya kwa umri wangu 42, inakuja karibu 0.48, na kati ya 0.25 na 1 ni B. Ningekuwa navuta sigara 10 au zaidi kwa siku ningeingia C moja kwa moja. Mpangilio huu ni wa 2018, ule wa zamani wa 1999 ulitenganisha hasa ya sugu na ya kasi.

Mapungufu yapo. Kupimwa kunauma pale penye uvimbe na ganzi hawakunitajia mpaka nilipoomba mwenyewe, waiseme mapema jamani watu wanaogopa. Na karatasi niliyopewa imejaa vifupisho vitupu, bila yale maelezo ya mdomo nisingeelewa kitu.

Nilisafishwa chini ya fizi kwa siku mbili tofauti, baada ya miezi mitatu wakapima tena namba zote 168, na hapa ndio niliona faida ya kuandika maana tuliweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni. Mwanzo sehemu 61 zilitoka damu, sasa 14. Mifuko mingi imerudi 3. Jino moja la nyuma bado lina 5 na linatoka damu, nao hawakulifichaficha, wamelipangia kusafishwa peke yake mwezi ujao na kupimwa upya. Nawapa nyota nne, na nitarudi.