Duka la baiskeli la Ngamiani, Tanga: kwa kotapini nawaamini, kwa ringi bado

Ukiwauliza watu wa Tanga wanaotegemea baiskeli kila siku kuhusu duka hili, mmoja atakusifia na mwingine atakunja uso, na wote watakuwa wanasema kweli, maana hawakupeleka kazi ya aina moja. Mimi nimepeleka pale Phoenix za tairi 28, Mjapani (baiskeli ya Kijapani) wa mtumba wa 26, na mara moja baiskeli ya gia. Jina la duka naliacha. Kaunta ya spea iko mbele, mafundi wako barazani pembeni: fundi mkubwa, mtu mzima, na vijana wawili. Swali la kwanza la mteja liwe nani ataishika baiskeli yake, kisha ndiyo aulize bei.

Nizungumzie kwanza kinachonirudisha pale: maswali. Fundi mkubwa hashiki spana kabla hajauliza, "Inalia ukikanyaga tu, au hata ukiacha kukanyaga?" Swali hilo peke yake linakuokolea pesa. Mlio unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, na ukiacha kukanyaga unakoma, unatoka kwenye pedeli, kotapini (pini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli) au gololi za ekseli ya pedeli, ile inayopita kwenye fremu. Ukiendelea hata miguu imetulia, tafuta kwenye habu (kitovu cha gurudumu), raba ya breki inayogusa, au madigadi iliyolegea. (Ule mlio wa tiki-tiki wa friwili, ile gia ya nyuma, usikutishe, ndivyo ilivyoumbwa.) Baada ya hapo anashika mikono yote miwili ya pedeli, mmoja huku na mwingine kule, anaitikisa. Mkono mmoja ukicheza na mwenzake umetulia, ni kotapini. Ikicheza yote pamoja na ekseli yake, ni gololi au vikombe vinavyozishika. Anakuonyesha mwenyewe, unashika na wewe, halafu ndipo anataja bei. Kuna mafundi wengi mjini wanaoanza kwa kufungua kila kitu na kukuandikia orodha ya spea.

Kotapini ndiyo kazi yao bora. Pini hii ina upande mmoja uliopigwa bapa, na bapa hilo linakaa kwenye kata ya ekseli. Kosa la kawaida la mafundi wa njiani ni kuivuta pini kwa kukaza nati. Nati ile ni ya kuizuia tu. Ukiivutia pini unachuna uzi, ile mistari ya kukazia nati, na baada ya siku mbili mkono unacheza tena. Pale wanaweka kipande cha bomba nene chini ya mkono wa pedeli, bomba linasimama sakafuni ili nguvu ya nyundo isiende kwenye gololi, wanapiga pini mpaka sauti ibadilike kutoka mlio mzito kuwa mkali, ndipo wanafunga washa na nati. Pini mpya ikigoma kuingia ya kutosha, wanapitisha tupa kwenye bapa kidogo kidogo huku wakijaribu, kwa sababu ukila chuma kupita kiasi pini itazama mpaka mwisho bila kubana. Pini mbili ziingie kwa kupishana: mikono ikiwa imelala, mmoja mbele na mmoja nyuma, nati moja itazame juu na nyingine chini. Zikiingia upande mmoja, pedeli hazitakuwa kwenye mstari na goti litakwambia kabla hujafika Chumbageni. Nililipa shilingi 3,000 kwa pini mbili pamoja na kazi, na kijana alinikumbusha nirudi baada ya siku chache zigongwe tena. Kurudia huko hakulipiwi. Nendeni, msidharau, pini mpya hulegea kidogo ikishakanyagwa.

Pancha nazo ni salama mikononi mwao, hata kwa vijana. Kabla ya kutoa tairi wanapaka mate au maji kwenye mdomo wa valvu. Kwenye Phoenix na baiskeli nyingi za Kijapani, ile valvu ina kimpira chembamba ndani, na kimpira hicho huoza kwa joto. Tyubu inaisha upepo taratibu usiku, asubuhi mtu anadhani ni pancha. Wakiona mapovu hapo wanabadilisha kimpira, kazi ya mia chache tu, na tairi halijafunguliwa. Ikiwa ni pancha kweli, wanalinganisha tundu la tyubu na mahali pake kwenye tairi wakipimia kutoka kwenye valvu, kisha wanapitisha vidole ndani ya tairi kutafuta mwiba. Mwiba usipotolewa, utaziba pancha leo na kuiziba tena kesho. Msasa unapigwa eneo pana kuliko kiraka, solusheni inapakwa na kuachwa ikauke mpaka isinate kwenye kidole, dakika tano hivi. Hapa ndipo uwaangalie siku ambazo foleni ni ndefu: kiraka kikibandikwa solusheni ikiwa mbichi, kinashika siku hiyo tu na kuachia njiani.

Sasa ringi. Hapo ndipo nyota zinapopungua.

Ringi ya nyuma ya Phoenix ina matundu 40, ya mbele 32. Nilipeleka ya nyuma isukwe upya kwa spoku mpya, na kazi akapewa kijana. Ilitoka imenyooka ukiitazama kwa pembeni, ila ukiizungusha unaona inapanda na kushuka. Sababu ilikuwa wazi kwa aliyekuwa anatazama. Alikuwa anakaza tu. Ringi ikienda kushoto, anakaza spoku za kulia. Ikienda kulia, anakaza za kushoto. Hakulegeza hata moja. Kila alipokaza, ringi ilivutwa pia kuelekea kwenye habu, ikapata bonde. Inatakiwa nusu mzunguko wa kukaza upande mmoja uendane na nusu mzunguko wa kulegeza upande wa pili, na kwanza uitengeneze duara, ndipo unyooshe pembeni. Vilevile hakuzibinya spoku kwa jozi baada ya kukaza. Zisipobinywa zinajipanga zenyewe barabarani, unasikia "ting, ting" kilomita za mwanzo, na mvuto unabadilika.

Kosa la tatu ndilo lililoniudhi. Ncha za spoku nne zilitokeza juu ya nati zake, hazikupigwa tupa, na juu yake likawekwa utepe wa ringi wa zamani uliochakaa. Siku ya sita tyubu ikatobolewa kutoka upande wa ndani. Ukiona tundu la tyubu liko upande wa ringi na si upande wa barabara, usilaumu miiba, toa utepe upapase kwa kidole.

Nilirudi. Kwenye kaunta hawakubisha kuhusu kazi, wakakubali kuirudia bure, lakini tyubu wakasema ni "ya matumizi", nilipie. Shilingi 6,000. Sikubaliani na hilo mpaka leo: tyubu imetobolewa na spoku waliyoiacha wao. Fundi mkubwa aliyesikia mabishano hakuingilia suala la pesa, ila aliichukua ringi akaisuka mwenyewe, akawa anazigusa spoku kwa ukucha kama nyuzi za udi akisikiliza zilizolegea. Ile ringi haijaguswa tena, na inabeba magunia. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: ringi mpe mzee, na kama hayupo, ondoka nayo. Na kabla hujalipa, ifungwe kwenye fremu, weka kucha ya kidole gumba karibu na ringi kwa pembeni, zungusha, halafu weka kwa juu, zungusha tena. Watu wanapima pembeni tu.

Kwa Mjapani, tatizo liko kaunta. Ukisema "tairi 26" unapewa tairi 26 ya mauntini, na haitaingia. Ringi nyingi za Mjapani wa mtumba ni 26 x 1 3/8, ambayo kwa namba za milimita ni 590. Ya mauntini, 26 x 1.95, ni 559. Ni tofauti ya milimita 31 za kipenyo, tena zote mbili zimeandikwa 26. Soma ubavuni mwa tairi la zamani, utaona kitu kama 37-590, na uitaje namba hiyo. Walinibadilishia bila kelele kwa kuwa tairi lilikuwa halijafungwa na risiti nilikuwa nayo, hilo niwape sifa. Breki ya nyuma ya Mjapani, ile ya kikombe iliyofichwa kwenye habu, usiwaache vijana waipake oili eti isipige kelele. Kelele zitaisha na breki itaisha nayo, kwa sababu kitambaa cha ndani kikishanyonya oili hakirudi. Vitambaa vyenyewe hawaweki, wanaagiza Dar.

Baiskeli za gia sipeleki tena. Cheni pana ya inchi 1/8 haikai kwenye meno membamba ya gia, zinataka ya 3/32, na pale walikuwa na ile pana tu.

Anayenunua Phoenix mpya pale, aelewe kwamba inafika kwenye boksi na inafungwa dukani, mara nyingi kwa haraka jioni. Omba habu zifunguliwe mbele yako, maana grisi ya kiwandani huwa kidogo. Habu ya mbele inachukua gololi 10 za inchi 3/16 kila upande, ya nyuma 9 za robo inchi kila upande, ekseli ya pedeli 11 za robo inchi kila upande. Asikujazie moja ya ziada kwa sababu eti imebaki nafasi. Nafasi ile inatakiwa, bila hiyo gololi zinasuguana. Na kama ni marekebisho ya baadaye, zisichanganywe mpya na za zamani: zile mpya ni nene kwa unywele, ndizo zitakazobeba mzigo wote na kuila koni, kile chuma cha kwenye ekseli kinachozibana gololi. Koni ikishakuwa na vishimo, gololi mpya ni hasara tu, badilisha vyote. Ringi ikishafungwa sawasawa, iinue kutoka ardhini na kuiacha izunguke yenyewe: uzito wa valvu utoshe kuishusha chini polepole, na ukiitikisa pembeni isicheze.

Pedeli ya kushoto inafungwa kinyume. Vijana wanalijua hilo, ila niliona mwaka huu mkono wa kushoto umeliwa uzi kwa sababu pedeli ya kulia ililazimishwa huko kwa spana ndefu. Angalia herufi L na R kwenye ncha ya pedeli yenyewe kabla haijaingia. Klipu ya kiungio cha cheni, upande wake uliofungwa utazame mbele kule cheni inakoelekea, vinginevyo ikigusa kitu inachomoka.

Wanaokwenda na kurudi Raskazone kila siku wanalo jambo la ziada, upepo wa bahari. Dukani watakupakia oili chafu ya gari kwenye cheni bure, kwa moyo mzuri kabisa. Kataa. Inashika mchanga, na mchanga ule unakata pini za cheni. Chukua oili safi nyepesi, tone moja kila kiungo, kisha futa ya nje yote kwa kitambaa. Cheni ipimwe kwa rula: viungo 12 vizima (kimoja ni kipande cha ndani na cha nje pamoja) ni inchi 12 kamili kutoka pini hadi pini, ikifika 12 na 1/8 ibadilishwe na uitazame pia friwili, maana meno yaliyochongoka yataikataa cheni mpya.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, wanatoa ukidai, na wakati mwingine mpaka udai. Kwa baiskeli mpya waambie waandike namba ya fremu nyuma ya risiti kwa kalamu, wana muhuri wa duka, wapige juu yake.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Asubuhi ndiyo wakati mzuri, kabla ya saa nne foleni haijaanza. Ijumaa mzee anaondoka saa sita kwenda msikitini na mara nyingi harudi mpaka alasiri, kwa hiyo siku hiyo peleka pancha, ringi iache nyumbani.