Uzoefu wangu na PL/Python: Python ipi inatumika ndani ya PostgreSQL?

Wadau mambo vipi, nipo huku Mtwara, naangalia seva ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya korosho, databesi ni PostgreSQL 16 juu ya Ubuntu 24.04, na kazi yangu kubwa msimu ukianza ni kulinganisha majina ya wakulima maana huyohuyo mtu ghalani kaandikwa Hamisi, benki Khamis, sasa malipo yanagoma. Hiyo kazi naifanyia humohumo ndani ya databesi kwa PL/Python, yaani lugha inayokuwezesha kuandika funksheni za PostgreSQL kwa Python, na kiukweli naipenda.

Ila kuchagua intapreta, yaani toleo gani la Python liendeshe hizo funksheni, ndo kuna kasheshe. Watu wanadhani kuna seting unabadilisha tu, hamna. Python inaunganishwa na plpython3u (ndo jina la PL/Python humo ndani ya databesi) tangu inapokompailiwa, kwahiyo ukiinstoli postgresql-plpython3-16 ya Ubuntu unapata 3.12, hata ushushe 3.13 pembeni databesi haina habari nayo. Ukiing'ang'ania basi ukompaili PostgreSQL mwenyewe, unaweka --with-python na PYTHON= njia ya hiyo unayoitaka pale kwenye configure. Mnada umeshapita, watu wanasubiri hela yao, nani ana muda huo?

Mi nabaki na ya Ubuntu. Laibrari za ziada naziwekea venv (folda ya Python ya kutunzia laibrari pembeni) iliyotengenezwa kwa 3.12 hiyohiyo (zile zenye vipande vya C ukizitoa toleo lingine hazifunguki), naiweka /opt, siyo kwenye home yako, kule yuza postgres haruhusiwi kuingia, halafu naandika PYTHONPATH, ile inayoionyesha Python pa kutafuta laibrari, kwenye faili la environment lililopo /etc/postgresql/16/main, narestati. Kuhakiki iko hivi:

DO $$ import sys; plpy.notice(sys.version) $$ LANGUAGE plpython3u;

Mwenye funksheni za plpython2u (ile ya zamani ya Python 2) asikimbilie kupandisha toleo, Python 2 iliondolewa kabisa kwenye PostgreSQL 15 mwaka 2022, aziandike upya kwanza.

Nisichokipenda ni hiyo "u" ya mwisho kwenye plpython3u, maana yake untrusted, haina uzio, funksheni inaweza kusoma faili lolote ambalo yuza postgres analisoma, ndo maana superyuza peke yake anaruhusiwa kuitengeneza. Hesabu za kilo mara bei toa makato sipeleki huko, PL/pgSQL, lugha ya PostgreSQL yenyewe, inatosha sana. Na kama databesi umepangisha kwenye klaudi uliza kabla hujalipia, kwingi plpython3u hawairuhusu.