Duka la betri, na ile betri kuukuu wanayoichukua

Duka la betri hufanya biashara mbili kwenye kaunta moja: humuuzia mteja betri mpya, na papo hapo hununua kwake ile iliyokufa. Maoni mengi ninayoyasoma kuhusu maduka ya betri za gari na za sola mjini Mombasa huishia kwenye biashara ya kwanza, yaani bei, dhamana na lugha ya muuzaji. Hapa nitazipima zote mbili, na ya pili ndiyo itakayochukua nafasi kubwa. Jina la duka ninaliacha, kwa kuwa utaratibu nilioukuta pale ni wa maduka mengi ya aina yake, na itakuwa dhuluma kulibebesha moja lawama ya wote.

Kuhusu betri mpya sina malalamiko. Nilihitaji betri ya sola ya volti 12 na saa-ampea 100, ya asidi na risasi, kwa sababu betri za lithiamu bado ni ghali kwa mfuko wangu. Muuzaji alinionyesha tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa muhuri kwenye mfuniko, akaipima mbele yangu kwa kipimo kinachoivuta kama inavyovutwa na mzigo halisi badala ya kusoma volti tu, akanieleza bila kuulizwa kwamba nisiiache ishuke chini ya nusu ya chaji iwapo nataka idumu. Kadi ya dhamana ilijazwa na kupigwa muhuri pale pale. Bei haikuwa ya chini kuliko zote mjini, lakini mtu aliyewahi kuuziwa betri iliyokaa rafuni mwaka mzima ataelewa kwa nini niliilipa bila kubishana sana.

Kisha ikaja zamu ya betri kuukuu. Duka huipima kwa mizani na kupunguza thamani yake kwenye bei ya mpya, na mizani hiyo, niseme kwa haki, ilikuwa mahali pa wazi na namba zake zikisomeka. Betri ya ukubwa ule huwa na takriban kilo 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, kwa hiyo punguzo si la kupuuzwa. Kijana aliyeibeba kuipeleka nyuma ya duka alivaa glavu za kitambaa ambazo vidole viwili vilikwisha kuliwa na asidi. Betri yangu ilikuwa na ufa pembeni. Maji yake yalidondoka njia nzima kwenye saruji, ambayo tayari ilikuwa na mstari mpauko uliomomonyoka, ishara kwamba si betri yangu peke yake iliyovuja kwa kupitia hapo. Alimwaga ndoo ya maji juu ya matone, na maji yakaelekea mtaroni. Nyuma kulikuwa na betri zilizopangwa juu ya udongo mtupu, baadhi zikiwa zimelala ubavu, bila trei wala paa.

Niliuliza zinapelekwa wapi. Jibu nililopewa kwa upole kabisa ni hili: "Hizo zina wenyewe, mzee wangu. Lori huja likazichukua." Nilipouliza lori la nani, na kama mwenye lori huacha karatasi yoyote, muuzaji alicheka kidogo na kusema kwamba huacha pesa.

Mtu wa mji mwingine angeweza kuliona swali langu kuwa la udadisi tu, lakini Mombasa ndiyo yenye Owino Uhuru. Katika kijiji hicho cha Mikindani, kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ ilianza mwaka 2007 kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu, katika kiwanda kilichopakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Betri zilizofikishwa pale zilikuwa za aina hii hii. Moshi wake ulitua juu ya mabati na kuyala, na maji machafu yenye asidi yalipita kijijini. Wafanyakazi waliugua, watoto wakapatikana na risasi damuni, wanawake wakaeleza kuharibika kwa mimba. Phyllis Omido, aliyeajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, alisimamia tathmini ya athari kwa mazingira iliyoonyesha kwamba kiwanda hakikustahili kuwa pale, na badala ya kusikilizwa akaondolewa kwenye kazi hiyo. Mtoto wake mwenyewe alipougua kwa sumu ya risasi, aliacha kazi akaanza kupigania wenzake, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla.

Sehemu inayonigusa mimi kama mnunuzi ni hukumu. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamua kwamba haki ya wakazi ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, iliyomo katika Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya, ilikuwa imekiukwa. Ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuamuru udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Kampuni haikubebeshwa mzigo peke yake, kwani NEMA, yaani mamlaka ya mazingira iliyopaswa kuwa mlinzi, nayo iliwajibishwa pamoja na taasisi nyingine za serikali zilizohusika na kukiruhusu kiwanda kifanye kazi. Mahakama ya Rufani iliifuta fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ukihesabu tangu kiwanda kilipowashwa, mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amefikisha miaka 17 wazazi wake wakingali wanadai.

Nikirudi kwenye duka langu, simaanishi kwamba lori lao lina uhusiano wowote na kiwanda kile, ambacho kilikwisha kufungwa. Ninachosema ni kwamba muuzaji asiyejua betri zake zinaishia wapi hana njia ya kunihakikishia kwamba haziishii mahali pa namna ile. Risasi huyeyuka kwa nyuzi joto 327, joto ambalo hata makaa ya kawaida hulifikia, ndiyo maana mtu yeyote mwenye shoka na sufuria anaweza kuifanya kazi hii uani kwake. Huko Thiaroye-sur-Mer, nje kidogo ya Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 kutokana na shughuli za kuvunja betri na kuchekecha udongo uliokuwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaodhurika zaidi, kwa kuwa ubongo wao ungali unakua na mikono yao huenda kinywani.

Wala karatasi niliyoiulizia si jambo la kifahari. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka zinamtaka msafirishaji wa taka awe na leseni ya NEMA na hati ya kufuatilia mzigo kutoka unakochukuliwa hadi unakoshushwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilikwenda mbali zaidi ikaweka wajibu juu ya watengenezaji na waagizaji, kwamba bidhaa inaendelea kuwa jukumu lao hata baada ya mteja kuimaliza. Duka linalouza betri za chapa kubwa lina pa kuanzia: limuulize msambazaji wake kama anazirudisha.

Muuzaji aliniambia, na nadhani alisema kweli, kwamba mwenye lori asiye na hati hulipa vizuri zaidi kwa kilo, na kwamba duka la jirani likimuuzia yeye, wateja watafuata punguzo. Hoja hiyo naielewa, na ndiyo maana sipendekezi duka hili lisusiwe. Betri ya risasi ikirejelezwa mahali pazuri ni miongoni mwa bidhaa zinazorejelezeka vizuri kuliko nyingi. Karibu risasi yake yote inaweza kuwa betri tena. Kosa liko kwenye wale wanaopunguza gharama kwa kuwaachia majirani moshi. Lakini glavu za mpira, trei za plastiki za kuwekea betri zinazovuja na sakafu ya saruji yenye paa ni gharama za kawaida za biashara, na hazilisubiri duka la jirani.

Kwa betri yenyewe na namna nilivyouziwa, nyota nne, na anayehitaji betri ya sola aende bila wasiwasi. Kwa huduma ya kupokea betri kuukuu, nyota moja, ambayo naitoa kwa ajili ya mizani. Yangu imeshabaki kule nyuma, lakini nimemwomba muuzaji aniitishie nakala ya leseni ya mwenye lori na jina la kiwanda anakopeleka, naye amekubali kuuliza. Zikipatikana nitazitaja hapa hapa na kuibadilisha alama hii.