Somo la Baiolojia ya Binadamu katika chuo cha umma Arusha: maabara yake na upungufu wa hadubini

Nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada katika chuo cha umma hapa Arusha, na kwa kuwa wadogo zetu wa kidato cha sita wamekuwa wakiniuliza kama somo la Baiolojia ya Binadamu linastahili kuchaguliwa, naona ni haki yao waelezwe hali halisi na mtu aliyelisoma.

Linastahili, na sababu kubwa ni maabara. Mihadhara ni ya kawaida: ukumbi umejaa, na Kiingereza kinakwenda kasi. Lakini siku ya mifupa, fundi sanifu wa maabara hakuanza na majina ya Kilatini. Alitutaka tujipapase mtulinga kuanzia kooni hadi begani, kisha ugoko kutoka gotini kushuka chini, ndipo akatukabidhi mifupa yenyewe. Katika mifupa 206 ya mtu mzima, niliyojipapasa siku hiyo sijausahau hata mmoja.

Kipindi kilichonigusa zaidi kilihusu meno. Tulipewa gego lenye madoa ya kahawia, kama yale ambayo sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru tumeyaona nyumbani tangu utotoni, na ambayo wageni huyadhania kuwa uchafu. Mhadhiri alieleza kwamba maji ya huku hupita katika miamba ya volkano na kuchukua floraidi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwamba floraidi hiyo huvuruga enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, wakati jino lingali linaundwa ndani ya taya. Kwa hiyo hakuna mswaki unaoweza kuyaondoa madoa hayo. Dada mmoja wa kundi letu, ambaye muhula mzima alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, aliinua mkono akauliza maswali matatu mfululizo.

Kasoro ni hadubini. Tulikuwa wanafunzi 9 kwa hadubini moja, na skrubu yake ya kulengea ilikuwa imelegea, hivyo taswira ilipotea kila mtu mpya alipoinama. Katika saa mbili za kipindi cha damu nilizitazama chembe nyekundu kwa dakika tano tu, na wenzangu wawili hawakuziona kabisa, ingawa mtihani wa vitendo ulitutaka tuzichore. Chuo kingeweza kufungua maabara jioni bila kununua chochote.

Atakayejiunga aombe kundi la Ijumaa asubuhi, ambalo huwa na watu wachache, na aje na koti lake jeupe, kwa sababu makoti ya kuazima hayapo.