Njia ya Miguu na Baiskeli Inayounganisha Shule Tatu: Tathmini ya Mzazi Baada ya Muhula Mmoja

Kwa muhula mzima nimemsindikiza binti yangu wa miaka saba kwenye njia mpya inayounganisha shule tatu za mtaani kwetu, siku nyingine kwa miguu na siku nyingine kwa baiskeli. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wazazi wengi huniuliza kama sasa wanaweza kuwaacha watoto wao waende peke yao. Jibu langu ni kwamba kwenye sehemu kubwa ya njia wanaweza, lakini kwenye vivuko viwili bado hawawezi.

Sehemu hiyo kubwa imejengwa kwa uangalifu unaostahili sifa. Imetengwa na barabara kwa ukanda wa nyasi na ukingo wa zege, si kwa mstari wa rangi tu, kwa hiyo hakuna gari linaloegeshwa juu yake, na nguzo fupi zilizosimikwa kila mwanzo wa njia huzuia magari bila kumkwamisha mtoto mwenye kiti cha magurudumu. Mvua ikinyesha, maji hayatuami, kwa kuwa njia imeinamishwa kidogo kuelekea mtaroni. Taa zinatosha. Kilichonifurahisha zaidi ni kivuko kilicho mbele ya lango la shule ya pili, ambacho kimeinuliwa hadi usawa wa njia yenyewe, hivi kwamba anayelazimika kupanda na kushuka ni gari, na mtoto anavuka bila kubadilisha hata hatua. Nimesimama pale asubuhi nyingi, na nimeona madereva wakipunguza mwendo hata pasipokuwa na askari wala mwalimu wa zamu.

Vivuko viwili vilivyobaki, kile cha kabla ya shule ya kwanza na kile cha kuelekea shule ya tatu, ni michirizi ya rangi tu juu ya lami, na magari huegeshwa hadi ukingoni mwake. Binti yangu, ambaye kimo chake hakifiki mita moja na robo, akisimama pale haoni kitu isipokuwa mlango wa gari lililo mbele yake, na dereva anayekuja haoni hata utepe wa nywele zake. Ili aone, inambidi asogee hatua mbili kuingia barabarani, yaani mahali pale pale anapoweza kugongwa. Nalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu ajali za barabarani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ndizo zinazoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote.

Mwendo wa magari nao unaongeza hatari. Dereva anayekwenda kilomita 30 kwa saa kwenye lami kavu, akichukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki, husimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye kilomita 50 anahitaji takriban mita 28. Mtoto akichomoza kutoka nyuma ya gari mita 15 mbele, wa kwanza atakuwa amekwisha kusimama, na wa pili atakuwa ndiyo kwanza anagusa breki. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020, lililotolewa na mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchanganyika na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Kwenye vivuko vyetu viwili hakuna tuta wala kibao cha kikomo hicho.

Upana wa njia pia una kasoro. Nilipima kwa futi kamba nikapata mita mbili na nusu, ambazo zinatosha asubuhi watoto wanapofika kwa mafungu, lakini saa ya kutoka, watoto wa shule mbili wakiachiliwa kwa pamoja, wenye baiskeli hulazimika kushuka na kuzikokota.

Mwezi wa kwanza gurudumu la mbele la baiskeli ya binti yangu lilizama katikati ya nondo za kifuniko cha mtaro, ambazo zilikuwa zimelazwa kufuata mwelekeo wa njia, akaanguka na kuchubuka goti. Wazazi tulilalamika, na wiki iliyofuata mafundi walikigeuza kifuniko hicho nondo zikakingama. Kwa hiyo najua kwamba wahusika husikiliza, nasi tumekwisha kuwaandikia kuomba vivuko viwili viinuliwe kama kile cha shule ya pili, na maegesho yaondolewe mita kumi kila upande. Wakati tunasubiri, binti yangu hutangulia mbele yangu kwenye njia nzima, kisha hunisubiri penye michirizi ili nimshike mkono.