Sufuria ya Umeme ya Kupikia Polepole: Tazama Swichi Kwanza

Mwezi uliopita niliacha maharage na nyama kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole saa moja asubuhi, nikarudi jioni nikakuta vimechacha, kwa kuwa umeme ulikatika kidogo na uliporudi sufuria ile ya vitufe haikuwaka tena. Watoto walilala kwa chai na mkate.

Ukubwa na rangi kila mtu atajichagulia. Mimi nasisitiza swichi. Swichi ya kuzungusha hubaki pale ulipoiacha, hivyo umeme ukirudi upishi unaendelea, ilhali sufuria nyingi za vitufe husubiri mtu azibonyeze upya. Hata hivyo, waulize waliobaki nyumbani umeme ulikatika kwa muda gani. Ukizidi saa mbili, mwaga chakula hicho.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni Morphy Richards Sear and Stew ya lita 3.5 yenye swichi ya kuzungusha. Chungu chake cha ndani ni cha alumini, kwa hiyo kinakaa juu ya jiko la gesi: unakaangia kitunguu humo humo, kisha unachemsha kwa dakika 10 kamili maharage mekundu yaliyokwisha kulowekwa, kwani sumu yake ya asili haiishi kwa moto mdogo, ndipo unakirudisha kwenye umeme. Hutumia takriban wati 160, yaani kama uniti 1.3 za LUKU kwa saa 8.

La pili ni Russell Hobbs ya lita 3.5, nayo ya kuzungusha, ila chungu chake ni cha kauri na hakifai kuwekwa juu ya gesi. Crock-Pot ya swichi ni imara pia, lakini soma volti chini yake, maana zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na huungua kwenye umeme wetu wa 230.

Zile za bei ya chini, chukua ikiwa tu swichi inazungushwa.

Kinachoniuma ni wauzaji. Aliyeniuzia ile ya vitufe, katika duka moja la Kariakoo, alinihakikishia kwamba hukumbuka mapishi yake hata umeme ukikatika, na nilipoirudisha akanionyesha maandishi ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Tangu hapo silipi kabla muuzaji hajaichomeka mbele yangu, akaiwasha, akachomoa waya, kisha akauchomeka tena. Akikataa, naondoka na fedha zangu.