TAHADHARI wenzangu wa magari ya harusi: huyu jamaa wa Benzi ya kufunguka paa kanipiga milioni 17

Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe nikiruka mambo. Ile Benzi nyeusi niliyowarushia picha mwezi wa nne, ile mliyonipigia vigelegele wote, ni mbovu. Na siyo ubovu wa kawaida wa gari kuukuu, kwa sababu hata mimi najua gari la mwaka 2001 lina uzee wake. Ni ubovu uliofichwa kwa makusudi na mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyeniwekea chai mezani huku akijua anachonifanyia.

Kilichotokea Jumamosi wengi mmekwisha kusikia, na najua video inazunguka. Naomba tu aliyeirekodi aifute, si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya yule binti na shela lake.

Nianze siku ya kuliona. Ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Namba nilipewa na shemeji, na mnamjua shemeji, siyo mtu wa kunipeleka kubaya. Naye alizungukwa vilevile. Nafika nalikuta gari liko chini ya mwembe, limefunikwa turubai safi, limeoshwa mpaka raba za matairi zinang'aa. Jamaa akatoka na kanzu, akanisalimia vizuri, akamwita mama yake aje anisalimie. Mama mtu mzima kabisa. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, karibu. Ndugu zangu, mtu akikukutanisha na mama yake mzazi utaanzaje kumhisi tapeli?

Turubai likavutwa. Mercedes-Benz CLK 320, milango miwili, viti vya ngozi rangi ya maziwa, paa la kitambaa cheusi. Akaingia, akawasha, akaniambia, "Dada, simama pale mbele ulione likivua kofia." Nikasimama. Akabonyeza swichi, vioo vyote vinne vikashuka kwa pamoja. Juu ya kioo cha mbele kukalia "tak", paa likaachia. Nyuma, kitambaa kikanyanyuka, mfuniko ulio nyuma ya viti ukafunguka wenyewe, paa likajikunja taratibu kama mwavuli, likaingia ndani, mfuniko ukashuka ukafunga. Nusu dakika hivi. Nilipiga makofi, sifichi. Nilishawaona maharusi wangu wamekaa nyuma mle wakipunga mikono.

Nikamwambia, sasa lifunge. Ndipo yule bwana akanijibu kwa upole kabisa: "Betri imelala wiki nzima, dada. Paa linakula umeme. Nikilifunga sasa hivi litakataa kuwaka, na wewe unataka ukalijaribu barabarani." Nikaona ni maneno ya mtu anayejali gari lake. Tukaingia njia ya Bagamoyo likiwa wazi, upepo unavuma, bodaboda wanapiga honi, injini inavuta kama la jana. Nikasahau kabisa habari ya kulifunga. Tulipokwenda kulipa, Ijumaa, nililikuta limeshafungwa. Sikumwona analifunga. Katika muda wote niliokaa na mtu yule, sikuliona hata mara moja likijifunga kwa swichi. Hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mtaniuliza kwa nini sikupeleka fundi. Nilipeleka! Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Leta fundi wako, mimi sina cha kuficha." Nikaenda na yule kijana aliyekuwa anatengeneza Noah yangu. Akachomeka kompyuta, akakagua injini, gia boksi, akaingia chini akatazama bushi na shoksi. Vyote vizima. Lakini fundi wa injini hajui mambo ya paa, na mimi sikujua kwamba paa lina mambo yake. Nilidhani linasukumwa na mota ya umeme kama kioo cha dirisha. Kadi ilikuwa na jina lake, ikafanana na kitambulisho. Kwenye mkataba akaandika "limeuzwa kama lilivyo", nikasaini, maana nilijua ndivyo wanavyoandikaga wote. Noah imekwenda, milioni 6 za kikoba zimekwenda. Wale wa kikoba mnasoma hapa, na ninawaahidi marejesho ya mwezi huu yatakuja hata kama nitauza friji.

Siku kumi na mbili zilizofuata ilikuwa mvua tupu. Sikulifungua. Nilipeleka viti vikasafishwa, nikanunua maua na riboni.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu akalifungua nyumbani, likafunguka vizuri. Nililiona tone moja limeanguka karibu na kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, nikalifuta kwa kitenge nikidhani ni maji ya kuoshea. Tukaenda kanisani, misa ikaisha, maharusi wakatoka, wakakaa nyuma, kwaya inaimba, watu wanarusha maua. Manyunyu yakaanza. Mdogo wangu akabonyeza swichi alifunge. Paa likapanda, likaja mbele juu ya vichwa vyao, likagusa fremu ya kioo, na ile ndoano ya mbele ikaanza kuvuta kulibana.

Nilisikia mlio kama wa mtu anayefungua soda. Halafu mafuta yakapiga. Hayakudondoka, yalipiga kwa nguvu kutoka pale juu ya kioo cha kati, yakatapakaa kioo kizima, yakamwingia mdogo wangu machoni, yakaruka hadi nyuma kwenye shela na kwenye shati la bwana harusi. Mdogo wangu anapiga kelele ameshika uso. Tulimwosha kwa chupa za maji za wageni, nadhani chupa kumi, palepale kwenye ngazi za kanisa. Mama wa bibi harusi alinitazama hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Macho ya mdogo wangu yanaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nimerudisha laki 5 ya kukodi na laki 3 na nusu ya gauni. Maharusi waliondoka na Harrier ya mjomba wao, na mimi nikabaki pale uwanjani na gari ambalo paa lake halikubali kurudi nyuma wala kubana mbele, mvua inaingia kwenye viti vya rangi ya maziwa.

Jumatatu tulilisogeza hadi Ilala kwa fundi mmoja mzee anayejua magari ya Kijerumani. Ndipo nilipojua niliuziwa nini.

Alifungua kava ya juu ya kioo cha mbele. Mle ndani kuna silinda ndogo inayovuta ndoano ya kufungia paa, na mipira miwili myembamba kama mrija wa soda, inatoka kwenye pampu iliyo nyuma kabisa kwenye buti, inapita ndani ya mifupa ya paa hadi huku mbele. Pampu inasukuma mafuta kwenye mipira hiyo kwa presha ya zaidi ya bar 100. Tairi la gari dogo linajazwa bar 2 na kidogo, pimeni wenyewe. Na mipira hiyo ni ya plastiki. CLK za toleo hili za paa la kitambaa zilitengenezwa kati ya 1998 na 2003, kwa hiyo hata ile ya mwisho kutoka kiwandani imeshapita miaka 20. Plastiki inakauka, inakunjwa na kukunjuliwa kila paa linapocheza, inaiva kwa jua, halafu inapasuka, na mahali panapojulikana sana kwa kupasuka ni hapo mbele, juu ya kichwa cha dereva. Fundi anasema ni uzee tu, hakuna wa kulaumiwa kwa uzee. Unanunua mipira mipya, unabadilisha sili za silinda, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, maisha yanaendelea.

Ila mpira wangu ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi ya umeme, na juu ya tepu pamepakwa ile gundi ya kuchanganya mbili. Imesuguliwa kwa msasa ikae laini! Mtu alikaa akaifanya kazi hiyo kwa utulivu.

Halafu mzee akaenda kwenye pampu, akachovya kidole, akasugua na kidole gumba, akanusa. Akaniangalia. "Mama, humu wamejaza mafuta ya breki."

Nilimwuliza, kwani kuna tofauti? Akanionyesha. Paa hili linataka mafuta yake ya haidroliki, yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini, na sili zake za raba zimetengenezwa kuishi ndani ya mafuta hayo. Mafuta ya breki ni dawa nyingine kabisa. Yakikutana na sili hizo zinavimba, zinalainika, zinaharibika. Alitoa sili moja akaniwekea kiganjani: imetuna kama dagaa aliyelowekwa. Kwa hiyo badala ya mpira mmoja na silinda moja, sasa kila silinda ya paa inatakiwa ifunguliwe, na pampu ioshwe. Hesabu yake ni milioni 4 na laki 2, na vifaa viagizwe nje. Mtu huyu, kwa kukwepa kununua chupa ya mafuta sahihi, ameua paa zima.

Na mafuta ya breki yanakula rangi ya gari. Pale juu ya kioo cha mbele, kwenye fremu, rangi ilikuwa imevimba malengelenge na kupakwa juu kwa brashi. Nililiona doa hilo siku ya kwanza. Nikamwuliza. Akaniambia ni kokoto la barabarani.

La kuumiza zaidi, fundi mzee alisema, "Gari hili nalijua. Lililetwa hapa mwezi wa pili." Aliyelileta ni huyohuyo aliyeniuzia. Alipewa bei ya kutengeneza, akasema atafikiria, akaondoka. Kumbe alikwenda kufikiria kunitafuta mimi. Mzee amekubali kuandika maelezo yake polisi.

Nilimpigia. Mara ya kwanza, "Pole sana dada, magari ndivyo yalivyo." Mara ya pili, "Ulisaini kama lilivyo." Mara ya tatu namba haipatikani, na picha yake imetoweka kwangu, kwa hiyo kanifungia. Nilikwenda nyumbani kwake. Mama yake akafungua geti, akaniambia kijana amesafiri, na hakuweza kunitazama usoni.

RB imefunguliwa polisi, kujipatia fedha kwa udanganyifu, ndiyo maana jina silitaji hapa; mpelelezi ameniomba nisiharibu. Lakini nataka afungwe. Siombi suluhu. Wazee wa mtaa wameanza kunitumia watu, "mama, yamalizeni kifamilia." Familia gani? Macho ya mdogo wangu yangepofuka wangesemaje? Nataka asimame kizimbani aulizwe ile gundi aliipaka ya nini. Nataka arudishe milioni 17, na gauni, na laki 5, na siku zangu zote ambazo sijafanya kazi. Na yule dalali aliyechukua laki 3 zake akaniambia "gari hili nalijua kama mkono wangu" naye aende akaeleze alikuwa analijuaje. Watu hawa wasiposhughulikiwa wanauza la pili na la tatu kwa kutumia maneno yaleyale.

Mlioniuliza inbox dalili zake ni zipi: mimi siyo fundi, nasema nilizoziona zikanipita. Kitambaa cha ndani ya paa hapo mbele kilikuwa kipya na cheupe, kwingine kote kimepauka. Juu ya kioo kwa ndani palikuwa pananata. Kwenye buti palikuwa na tambara limejikunja karibu na pampu na chupa nusu ya mafuta, akasema ya stelingi. Na kwenye droo ya mbele nilikuta spana ya alenki imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Fundi anasema ndiyo ya kufungia paa kwa mkono likigoma, kwa hiyo sasa najua lilifungwaje siku ile ya kulipa. Mwambieni muuzaji alifungue na kulifunga, alifungue na kulifunga, mara tatu nne, injini ikiwa inawaka ili asiseme betri. Akianza maelezo, ondokeni. Na msikae ndani wakati huo.

Jambo la mwisho, na ndilo la haraka. Tangu jana usiku kuna tangazo la gari jingine la namna hiyohiyo, la rangi ya fedha, anataka milioni 14. Picha sita, zote paa liko wazi, na kwenye picha ya nne unauona mwembe uleule. Mtu mmoja kaniambia ana rafiki yake anakwenda kuliona kesho saa nne na tayari ametuma kianzio cha laki 5. Simjui. Kama ni wewe, au unamfahamu, nipigie hata usiku wa manane. Nitakuja na fundi mzee, na sili yangu iko kwenye mfuko wa nailoni, nitakuonyesha.